Kukimbia Kwenye Njia za Hifadhi na Kutoka Getini Mapema: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Barua ninazopokea kuhusu jambo hili zinafanana. Mtu anakimbia kilomita 10 za lami chini ya saa moja, kila wiki, bila shida. Siku anayoingia hifadhini, kilomita 10 zilezile zinamla saa mbili na nusu. Maji yanamwishia njiani, magoti yanatetemeka kwenye mteremko wa mwisho, na anafika getini akimkuta askari ameshashika funguo. Wengine wanarudi wakichechemea.

Pumzi wanayo. Kinachowaangusha ni kuipima njia ya hifadhi kwa kilomita. Hifadhini unapima muda: wa kupanda, wa kushuka, wa mwanga na wa geti. Ukikosea hesabu hiyo, mengine yote yatafuata kuharibika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kukimbia saa nzima barabarani na sasa anataka mbio zake za kwanza hifadhini, kati ya kilomita 8 na 12.

## Vitu vya kuandaa

- Viatu vya njia za udongo, soli yenye meno ya milimita 4 hadi 6. Soli ya barabarani huteleza kwenye majani mabichi na mawe yenye ukungu. Ukisimama, kidole gumba cha mkono kiingie kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu, kwa sababu mguu huvimba kidogo na kwenye mteremko husukumwa mbele.
- Kibegi cha kukimbilia kinachobana kifuani, cha kubeba maji yasiyopungua lita 1.5.
- Filimbi. Sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali msituni. Filimbi inafika.
- Simu yenye chaji kamili, ramani ya hifadhi ikiwa imepakuliwa humo kabla, maana mtandao hupotea kwenye mabonde.
- Tochi ya kichwani, hata ukianza asubuhi.
- Koti jepesi lisiloingiza maji. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1000 unazopanda, na mtu aliyelowa jasho akisimama kwenye upepo hupoa upesi.
- Bendeji ya kuvutika, plasta za malengelenge, na kibano chembamba cha kung'olea kupe.
- Chakula chepesi ulichokwisha kukizoea ukiwa mbioni.
- Brashi ngumu ya kusafishia soli. Hii wengi wanaiacha, nami nitaieleza.

Vifaa vya kusikilizia muziki viache. Masikio yako yatakuwa na kazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mbio zinaruhusiwa

Hifadhi hazilingani. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) lina makundi ya maeneo yaliyohifadhiwa, na lile la Ia ni la maeneo yanayolindwa vikali kiasi kwamba kuingia kwa watu kunabanwa sana. Nyingine huruhusu matembezi lakini si mbio. Nyingine huruhusu mbio kwenye njia fulani tu, au kwa kusindikizwa na askari kwa sababu ya wanyama wakubwa.

Piga simu ofisi ya hifadhi siku mbili au tatu kabla. Uliza mambo manne: njia zipi ziko wazi, geti linafungwa saa ngapi, kuna wanyama gani wa hatari kipindi hiki, na namba gani ya kupiga ukipata dharura.

Tahadhari: usiiamini ramani ya programu za kurekodi mbio. Zinachora kila mahali alipopita mtu mwenye simu, pamoja na waliopita pasiporuhusiwa. Mstari kwenye skrini si kibali. Kuna vijia vilivyofungwa kwa sababu ndege wanaatamia mayai kando yake, na msafara mmoja wa wakimbiaji unatosha kuwafanya wayaache viota.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na jina la njia moja, saa moja ya kufungwa geti, na namba moja ya simu, vyote vimeandikwa.

## Hatua ya 2: Geuza kilomita kuwa muda

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Wakimbiaji wa milimani wana hesabu inayotumiwa pia na chama chao cha kimataifa, ITRA: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita 1 ya ziada. Njia ya kilomita 12 yenye mita 500 za kupanda ni sawa na kilomita 17 za tambarare.

Sasa chukua mwendo wako wa kawaida barabarani, ule unaoweza kuongea ukiwa unakimbia. Usichukue mwendo wa siku uliyovunja rekodi. Tuseme ni dakika 6 na nusu kwa kilomita. Mara 17 unapata dakika 110. Kisha ongeza robo kwa ajili ya mawe, mizizi, tope, na kusimama kutazama alama. Jumla ni kama saa 2 na dakika 20.

Linganisha na dakika 78 ambazo ungetumia kwa kilomita 12 za lami. Hapo ndipo maji yenu yanapoishia, ndugu zangu. Mnabeba maji ya dakika 78.

Fanya pia hesabu ya siku mbaya. Kanuni ya Naismith, ambayo wapanda milima wanaitumia tangu 1892, inampa mtembea kwa miguu saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu inakuwa saa 3 na robo kwa kutembea tu. Huo ndio muda utakaohitaji mwili ukikataa kukimbia mapema, na ndio unaoamua saa ya mwisho ya kuanza. Geti likifungwa saa 12 jioni, nawe ukitaka kuwa nje saa 11, usianze baada ya saa 7 na dakika 45 mchana.

Lakini mimi sikushauri kuanza mchana. Anza asubuhi, saa moja hivi baada ya jua kuchomoza. Alfajiri na magharibi ndipo wanyama wengi wawindaji wanapotembea.

## Hatua ya 3: Weka saa ya kugeuka

Kwa mbio za kwanza chagua njia ya kwenda na kurudi, si ya mzunguko. Njia ya mzunguko inavutia, lakini sehemu usiyoijua inakungoja mwishoni, ukiwa umechoka. Njia ya kwenda na kurudi unairudia ukiwa umeshaiona, tena unaweza kuikata popote.

Ukianza saa 2 kamili asubuhi na njia inapanda upande wa kwenda, nusu ya kwanza itachukua muda mrefu kuliko ya pili. Ipe saa 1 na dakika 20. Saa 3 na dakika 20 ikifika, geuka. Geuka hata kama kilele kinaonekana, hata kama zimebaki mita 300. Weka kengele kwenye saa, kwa sababu mtu anayepanda huku akiona kilele hujidanganya kirahisi.

Kuna sababu ya pili ya kugeuka, nayo ni maji. Nusu ikiisha, rudi, bila kujali saa.

Kisha mtumie mtu ujumbe wenye mambo matatu: jina la njia, saa unayotarajia kutoka, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige namba ya hifadhi. "Nitarudi mchana" haimsaidii mtu kitu. "Nisipokupigia hadi saa 6, piga namba hii" inamsaidia.

## Hatua ya 4: Viatu, kabla ya kuvuka geti

Geuza kiatu utazame soli. Kati ya meno utakuta udongo mkavu wa mbio zako za juzi. Uchokoe kwa kijiti, uuweke kiganjani, uusugue. Mara nyingi humo mna mbegu: nyembamba, nyingine zenye vijiti vya kunasia. Mbegu hizo ukizidondosha kilomita 5 ndani ya hifadhi, umepanda magugu mahali ambapo hapakuwa nayo.

Udongo wenyewe una hatari kubwa zaidi. Kule New Zealand kuna ugonjwa unaoua miti mikubwa ya huko iitwayo kauri kwa kuiozesha mizizi, nao husafirishwa na udongo ulioganda kwenye viatu. Ndiyo maana njia zao nyingi zina vituo vya kusugua soli na kunyunyiza dawa, na baadhi ya njia zimefungwa kabisa. Piga brashi soli, ukingo wa kiatu, na kamba. Hazizidi dakika tatu.

Kisha funga kamba kwa ajili ya mteremko. Tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo wengi hawaligusi: ingiza kamba kwenye tundu la upande uleule ili utengeneze kitanzi kidogo, pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, vuta kuelekea chini, halafu funga. Kisigino kinakaa mahali pake. Piga ncha ya kiatu chini mara mbili kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, kaza tena. Hilo ndilo linalotenganisha kucha nzima na kucha nyeusi.

## Hatua ya 5: Kupanda

Dakika 20 za kwanza nenda polepole kiasi cha kuona aibu. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, tembea.

Kutembea kwenye kilima kikali si kushindwa. Wanaoshinda mbio ndefu za milimani hutembea pia, kwa sababu mwinuko ukizidi kiasi fulani, kukimbia hula nguvu nyingi bila kukufikisha mapema. Inama kidogo kuanzia kiunoni, weka viganja juu ya mapaja, sukuma kwa kila hatua. Hatua ziwe fupi.

Kaa katikati ya njia. Ukikuta tope, pita humohumo. Kila anayelikwepa kwa kukanyaga majani ya pembeni anaipanua njia, na baada ya misimu michache kijia cha nusu mita kinakuwa barabara ya tope. Vivyo hivyo kwenye njia inayopanda kwa kupindapinda: usikate kona. Mkato unaoshuka moja kwa moja unageuka mfereji mvua ikinyesha, maji yanakokota udongo, na kona mbili zilizojengwa kwa jasho zinaporomoka.

Ukifika mahali pa kugeukia ukiwa bado unaweza kuongea kawaida, umepanda vizuri.

## Hatua ya 6: Kushuka

Niliwahi kumkuta kijana ameketi juu ya jiwe, kilomita 2 kabla ya geti. Hakuwa amechoka pumzi. Alikuwa amekamata mapaja kwa mikono yote miwili, nayo yalikuwa yakitikisika kama ngozi ya ngoma iliyopigwa. Alipanda kwa busara, kisha akajiachia kushuka kwa sababu "ni mteremko, unajipeleka." Tulishuka pamoja kwa kutembea kinyumenyume pale palipokuwa pakali.

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda kwa sababu misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa kuwa mirefu huku imebeba uzito wako wote. Nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Maumivu huja kesho yake na kuzidi siku ya pili.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Ukishuka kilima kifupi mara 4 au 6 kwa mwendo wa wastani, mara moja kwa wiki, kwa wiki 3 kabla ya siku yenyewe, mwili utastahimili vizuri zaidi. Usifanye zoezi hilo ndani ya siku 5 za mwisho.

Siku yenyewe ikifika:

Hatua ziwe fupi na za harakaharaka. Hatua ndefu inatua kisigino mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka, na pigo lote linaingia humo.

Usiegemee nyuma. Woga unakuvuta nyuma, na hapo ndipo miguu inapoteleza mbele. Mwili ufuate mteremko, mikono ikunjuke pembeni kwa mizani.

Macho yawe mita 3 hadi 5 mbele, si kwenye vidole. Ubongo unakumbuka jiwe uliloliona sekunde mbili zilizopita. Mguu utalijua ukifika. Ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Vifundo vingi huteguka mtu akiwa anatazama bonde.

Aliye chini anayepanda mpishe, kwani yeye akisimama anapoteza mdundo wake. Ukimkuta mtu mbele yako, msalimie ukiwa mbali ili asishtuke.

## Hatua ya 7: Wanyama

Kanuni ya kwanza ni ngumu kwa mkimbiaji: ukimwona mnyama mkubwa, acha kukimbia. Kwa paka wakubwa, kitu kinachokimbia ni windo. Simama, mtazame, jikuze kwa kuinua mikono au koti, ongea kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole bila kumpa kisogo. Usichuchumae.

Kwa tembo na nyati, usijikuze wala usimkabili. Rudi ulikotoka kimya, mpe nafasi kubwa, na mti mnene au mwamba uwe kati yenu. Usipite kamwe kati ya mama na mtoto wake. Mara nyingi utamwona mtoto kwanza, kwa hiyo ukiona ndama, simama na ujiulize mama yuko wapi.

Zingatia upepo. Ukikupiga usoni, wanyama walio mbele hawapati harufu yako, na mkimbiaji huenda kimya na kwa kasi. Mtakutana konani mkiwa karibu mno. Upepo ukiwa usoni na vichaka vikiwa vizito, punguza mwendo na piga makofi kabla ya kila kona.

Nyoka hupenda kuota jua njiani asubuhi. Gogo likilala njiani, usiliruke: panda juu yake, tazama upande wa pili, kisha shuka. Ukipanda mwamba, usitie mkono usipoona.

Akikuuma: kaa mahali salama mbali naye, vua pete na saa, tuliza kiungo kisitikisike, na uitishe msaada. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Dawa iko hospitali.

Ukipiga picha ya mnyama adimu au kiota, zima kwanza sehemu ya simu inayorekodi mahali ulipo. Majangili nao wana simu.

## Hatua ya 8: Kunywa na kula

Kunywa unapohisi kiu, funda chache kila mara. Wengi hutumia kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kutegemea joto na mwili. Ili ujue kiwango chako, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia saa moja bila kunywa: kila kilo iliyopungua ni karibu lita 1 ya jasho.

Usinywe kwa hofu. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja, vidole vikavimba, na umekuwa ukinywa sana, acha maji na utafute msaada.

Mbio zikizidi saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Anza kula kabla ya njaa. Maganda yote yarudi nawe, hata ya matunda. Si chakula cha wanyama wa pale, na mnyama aliyezoea mabaki huanza kufuata watu.

## Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Umepotea. Simama. Rudi kwa njia uliyojia hadi alama ya mwisho uliyoiona kwa macho. Usiteremke mtoni kwa kudhani mto utakutoa. Mabonde huwa na maporomoko.

Kifundo kimeteguka. Usivue kiatu kama bado unatembea, kwa sababu ukivua, uvimbe utakizuia kurudi. Funga bendeji juu ya kiatu, tembea.

Radi. Shuka kutoka mgongo wa mlima, kaa mbali na mti ulio peke yake, usirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Joto. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba huku ngozi inawaka, hiyo ni dharura. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, piga simu. Usimsubiri apumzike kwanza.

Huwezi kuendelea. Vaa koti, kaa njiani mahali pa kuonekana, piga filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Hiyo ni ishara ya dharura inayojulikana milimani.

## Hatua ya 10: Getini, wakati wa kutoka

Saini kitabu cha kutokea. Ukiondoka bila kusaini, kuna askari atakayezunguka usiku akikutafuta. Mwambie pia ulichoona: mti ulioanguka njiani, nyayo mpya, mtego wa waya. Yeye hawezi kuwa kila mahali, nawe umetoka kupita huko.

Piga soli brashi tena, kwani udongo wa humu pia haupaswi kwenda kwingine. Jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja bila kusokota. Usimpake mafuta.

Kisha mpigie yule uliyemtumia ujumbe. Ukipata muda, andika ulivyotumia kweli: dakika za kupanda, dakika za kushuka, maji yaliyobaki. Kama ulikadiria saa 2 na dakika 20 ukatumia saa 2 na dakika 50, basi nyongeza yako si robo, ni nusu na kidogo. Hiyo ndiyo utakayotumia safari ijayo, kwenye njia ileile kwanza, kabla hujaongeza hata kilomita moja.